Dhambi Aliyoitunga Mama Yako

Mwende,

Umetoka hapa saa nane ukisema unaenda kumuaga Mama Akinyi kule Kisumu Ndogo na unarudi sasa hivi. Sasa hivi gani? Namjua Mama Akinyi. Hatakuachilia kabla hujala, na ukishakula atakufungia visamaki vyake vya omena kwenye gazeti upeleke Uholanzi, na ukikataa atanuna mpaka umalize masomo. Kwa hivyo nina kama masaa matatu. Nimefunga mlango wa kibanda nusu, nimefunika cherehani, na naandika kwenye kitabu cha vipimo kwa sababu ndiyo karatasi iliyo karibu. Ukiona nyuma ya ukurasa kifua arobaini, kiuno thelathini na nne, hiyo haikuhusu. Ni suti ya mwalimu mmoja hapa Gatina ambaye kila wiki anakuja kuuliza kama iko tayari.

Sitakuambia uvae vizuri, ule, upige simu. Una miaka ishirini na tano, na koti nimekushonea. Ukilisahau kwenye basi huko, shauri yako. Nina jambo lingine, nimelikalia miaka mingi, na Jumapili limenishinda.

Jumapili walikuita mbele ya kanisa wakuombee safari. Baba mkubwa wako Kyalo akakuwekea mkono kichwani, akamwomba Mungu aikate ile kamba ya mganga wa Kitui ambayo mama yako alikufungia kabla hujazaliwa. Kanisa lote likasema amina. Wewe ukafungua macho ukaniangalia. Hukuangalia kwa hasira, uliangalia kama mtu anayengoja mwenzake aseme kitu. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mtoto wangu anaenda kusomea vile mionzi inavyotibu saratani na kwa nini inawaumiza wengine, anaondoka kwa akili yake, na mimi baba yake nimekaa kwenye benchi nahesabu matundu ya kamba za viatu. Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, na kubwa ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Basi soma hapa polepole. Mama yako hakuwahi kwenda kwa mganga. Hakukuwa na mganga, hakukuwa na kamba. Hiyo hadithi aliitunga, na aliitunga kwa sababu mimi nilimlazimisha. Nimejua hivyo karibu miaka kumi na tano, na sikukuambia.

Ulikuwa na miaka tisa, tukikaa Kambi Muru, kule Kibera. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akiondoka asubuhi na Mama Akinyi, wanakutana kwenye njia ya reli, wanaenda hospitali pamoja. Wote wawili walikuwa na saratani ya mlango wa uzazi. Walianza mionzi wiki moja, mashine ile ile, daktari yule yule, siku tano kwa wiki. Waliitana pacha. Mkamba na Mjaluo, mmoja mfupi mmoja mrefu, pacha. Walikuwa wakicheka njiani mpaka watu wanawauliza kama wanaenda harusi.

Wiki ya nne mama yako akaanza kuungua. Ngozi ya mapajani ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Tumbo likaharibika, akawa anahara damu. Hakuweza kukaa kwenye kiti, hakuweza kuvaa suruali ya ndani. Nilimshonea sketi ya leso isiyo na mshono wowote upande wa nyuma, nikamshonea ya pili, kwa sababu hicho ndicho nilichokijua. Mama Akinyi naye? Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake Kisumu Ndogo anauza omena na kugombana na wateja. Aliwashwa kidogo, akachoka kidogo, basi.

Daktari akamwangalia mama yako akasema apumzike wiki moja, halafu Jumatatu arudi, na akasisitiza asikose. Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Lakini kule nyumbani watu walikuwa na swali lao. Kama ni mashine, mbona imemchoma mmoja? Kyalo ndiye aliyelisema kwa sauti. Alikuwa mzee wa kanisa tayari, na ni kaka yangu mkubwa, na baba yetu alipokufa ndiye aliyenileta Nairobi na kunitafutia fundi wa kunifunza. Akisema kitu nilikuwa nasikiliza. Akaniambia moto wa mashine hauchagui, huu unaochagua unatoka kwingine. Akaleta kikundi cha maombi. Walikuja kila jioni, watu sita au saba kwenye chumba kimoja, na kwa kuwa viti havikutosha wengine walikaa kwenye kitanda alicholalia. Wakaimba, wakaomba, halafu wakamuuliza ameficha nini.

Siku ya kwanza alisema hajaficha kitu. Siku ya pili pia. Siku ya tatu hakujibu, aligeukia ukuta. Wakaniangalia mimi.

Sasa hapa ndipo nataka unione vile nilivyokuwa, usinipunguzie. Ningeweza kusimama nikawaambia watoke. Chumba kilikuwa changu, kodi yangu, mke wangu. Badala yake niliinama karibu na sikio lake nikamwambia, "Nduku, kama kuna kitu, kiseme tumalize."

Aligeuka akaniangalia. Halafu akasema kwamba kabla hujazaliwa alienda kwa mganga Kitui kutafuta mtoto, akafungwa kamba tumboni, akaapa asiseme. Alisema bila kulia. Chumba kikalipuka kwa haleluya. Kyalo akamshika mkono, akalia yeye. Akasema sasa ameachiliwa, na asirudishwe kwenye mashine mpaka kikundi kifunge siku ishirini na moja, ili uponyaji usichanganywe. Na mimi nikakubali. Jumatatu ya daktari ikapita, na nyingine, na nyingine.

Na niliamini, Mwende. Tulikaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto kabla yako. Hadithi yake ilikaa sawa kabisa kwenye hiyo miaka sita. Nikaanza kukuangalia. Ulikuwa umekaa sakafuni unafanya hesabu za shule, unalamba penseli, na mimi nakuangalia natafuta alama. Karibu mwaka mzima sikukugusa isipokuwa kwa lazima. Unakumbuka ile yunifomu yako ya darasa la nne ilivyokuwa pana, watoto wakakuita hema? Ulidhani nilikosea. Sikukosea. Niliogopa kukuzungushia tepu, nikakadiria kwa macho. Fundi anayepima mtaa mzima alishindwa kumpima mtoto wake. Nimeshona maelfu ya nguo tangu wakati huo, na hiyo ndiyo peke yake ninayoionea haya.

Tulipomrudisha mama yako hospitali daktari hakupiga kelele. Alisoma faili, akahesabu zile wiki kwa kidole, akasema siku tulizopumzika sisi, ugonjwa haukupumzika. Matibabu yalimalizika lakini hayakutosha. Mengine unayajua, ulikuwepo, ulimshika mguu.

Baada ya kumzika Machakos nilirudi Kambi Muru nikakuta bahasha ya kaki juu ya kabati. Zile picha zake za skani, filamu kubwa nyeusi, nyonga yake yote imepangwa hapo vipande vipande kama mkate uliokatwa. Nilikuwa na hasira na ile hospitali, na mashine, na Kitui, na yeye mwenyewe marehemu. Nikachukua makasi. Filamu ni ngumu, haipindiki, haichakai kama karatasi ya manila. Nikakata pateni za kukatia kola, nikakata na za mifuko. Ulipoanza chuo kikuu ukaniuliza picha za mama ziko wapi, nikakuambia zilipotea tulipohamia Gatina. Hazikupotea. Kola za mashati ya nusu ya watoto wa shule hapa zimekatwa kwa nyonga ya mama yako. Vipande vinne vimebaki, nimeviweka juu ya mkoba wako. Najua havifai kwa utafiti wowote. Nimeviweka ili usiwe na haja ya kuniuliza mara ya pili.

Mwaka mmoja baadaye Mama Akinyi alikuja hapa kupanuliwa gauni. Alikuwa amepona kabisa, amenenepa, na alikuwa na aibu ya kunenepa mbele yangu. Aliposimama nimpime kiuno akasema, kana kwamba anaendelea na mazungumzo mengine, kwamba pacha wake alikuwa mjanja sana. Nikauliza mjanja wa nini. Akashangaa kwamba sijui. Akaniambia siku waliporudi pamoja hospitali, kwenye benchi ya kungojea, mama yako amesimama kwa sababu hawezi kukaa, yeye Mama Akinyi alimuuliza habari za mganga ambazo Kibera nzima ilikuwa inazisema. Mama yako akacheka. Akasema, "Niliwapa kitu waende nacho nyumbani, nilale."

Hayo tu. Alikuwa na maumivu, kitanda chake kimekaliwa na watu, mume wake mwenyewe anamnong'oneza akiri. Akatafuta kitu kikubwa cha kutosha kuwaridhisha, akawapa, wakaondoka, akalala. Nilikaa chini na ile tepu mkononi. Mama Akinyi alingoja, akaona simalizi kumpima, akaenda zake na gauni lake.

Utauliza kwa nini sikusema siku hiyo hiyo. Kibanda hiki ni cha Kyalo, alinipa nilipohama Kibera na wewe na cherehani moja. Ningesema, ningesema kwamba yeye na mimi tulimchelewesha mama yako kwa uongo tulioukamua wenyewe. Nikaogopa kibanda, nikaogopa kaka, nikaogopa kujisikia nikisema. Nikajiambia ukikua nitakuambia. Ukakua. Ukaenda sekondari huku kuna mama wa kanisa anakataza binti yake alale chumba kimoja na wewe, na mimi nikajua sababu, nikanyamaza. Uoga unazoeleka haraka sana, mami, kuliko vile watu wanavyofikiri. Asubuhi moja unajikuta huusikii tena.

Halafu Desemba ukaja likizo, ukakaa juu ya meza yangu ya pasi ukinieleza kazi yako. Ulisema mionzi inakata nyuzi ndogo sana ndani ya seli, inakata za ugonjwa na inagusa pia za mwili mzuri. Mwili mzuri una mafundi wake wa kuunga palipokatika. Lakini kuna watu wamezaliwa na mafundi wazito, imeandikwa hivyo kwenye jeni zao, na mtu haoni kwa nje wala yeye mwenyewe hajui. Kwa hivyo watu wawili wanapewa dozi sawa, mmoja anarudi kuuza samaki, mwingine anaungua. Ukasema nyinyi mnachukua picha za skani, kompyuta inatafuta vitu ambavyo jicho haliwezi kuona, mnaviweka pamoja na damu ya mtu na vile seli zake zinavyovumilia, mnajaribu kujua kabla ya siku ya kwanza nani ataungua, ili apangiwe dozi yake.

Nikakuuliza kwa sasa wanapangaje. Ukasema wanaangalia ugonjwa uko wapi na ni mkubwa kiasi gani, na kile ambacho watu wengi huvumilia. Unakumbuka nilivyokasirika? Nikakuambia hata mimi fundi wa Gatina siwezi kumkatia mtu shati kwa kipimo cha watu wengi. Ukacheka, ukasema utaliandika mbele ya kitabu chako cha utafiti. Halafu ukaongeza, ukichezea kamba ya pasi, kwamba mapumziko marefu katikati ya matibabu huupa ugonjwa nafasi ya kuota tena. Hukujua unamwambia nani. Simu yako ikalia ukatoka nje, na mimi nikalia nimeshika suruali ya mtu.

Kuna watu hapa wanacheka. Wale vijana wa bodaboda wanaonisalimu "niaje fundi" waliniuliza kama kweli mtoto wa cherehani ataenda kuwafunza wazungu saratani. Nikawaambia ndiyo, na nyinyi wekeni mafuta muondoke hapa mlangoni. Waache wacheke. Wewe ulikaa ukiona mtu anaungua bila sababu, ukiwa na miaka tisa, na hukuuliza amekosa nini. Sisi watu wazima wote tuliuliza amekosa nini. Wewe uliniuliza, nakumbuka, "Baba, mbona Mama Akinyi haumwi?" Nikakutuma maji. Lile swali lako ndilo lililokuwa sawa, na umelibeba peke yako mpaka limekupatia nafasi huko.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapanga nguo, nilienda dukani kwa Kyalo. Nilimkuta katikati ya magodoro yake. Sikuketi.

Nikamwambia, "Nduku alitunga. Hakukuwa na mganga."

"Alikiri kwa mdomo wake, na wewe ulikuwepo."

"Alikiri kwa sababu mlikuwa mmekalia kitanda chake na alitaka kulala. Na mimi nilikuwepo, ndiyo. Mimi ndiye niliyemsukuma."

Akaniambia nisifukue marehemu. Nikamwambia yeye ndiye aliyemfukua Jumapili, mbele ya mtoto wake, na kipaza sauti kimewashwa. Akanikumbusha kibanda ni cha nani. Nikamwambia atapata funguo siku anayotaka, lakini Jumapili ijayo nitasimama kanisani niseme yote, pamoja na sehemu yangu, na akitaka kunizima kipaza sauti nina koo. Mwende, maneno hayo nilikuwa nimeyakariri njia nzima. Sitakudanganya kwamba nilikuwa simba.

Akaanza kupangusa godoro ambalo bado lina karatasi yake ya plastiki. Halafu akasema bila kuniangalia kwamba yeye pia aliamini. Nikamwambia najua, hata mimi. Nikashika upande wa pili wa lile godoro tukalisimamisha, wazee wawili na magodoro. Funguo hakuzitaja tena. Akizitaja kesho, sawa, cherehani ni yangu, na watu wa Kambi Muru bado wanavaa nguo.

Bado nina neno moja, na hili nitalisema kwa ukali kwa sababu nakujua. Ulipopata ile nafasi uliniambia ukipata jibu watu watanyamaza. Nilifurahi siku hiyo, lakini nimefikiria, na nimekataa. Wewe mwenyewe umeniambia huenda si jeni peke yake, huenda mambo ni mengi, huenda ufanye kazi miaka minne na majibu yatoke hayasemi kitu. Sasa ikiwa hivyo, mama yako atakuwa amerudi kuwa na hatia? Hapana. Nakukatalia kabisa. Usiende huko kumsafisha mama yako. Hakuchafuka. Hahitaji picha yake isomwe wala damu yako uliyorithi kwake ipimwe ndipo awe mwanamke mwema. Alikuwa mwema siku ile amelala amegeukia ukuta akitutafutia uongo wa kututosheleza.

Nenda kwa sababu nyingine. Hivi ninavyoandika kuna mwanamke hapa Nairobi amelala kwa tumbo, hawezi kukaa, na kuna mtu amekaa kwenye kitanda chake anamuuliza amefanya nini. Labda ni mume wake. Huyo mwanamke ndiye mwenye haraka na kazi yako, mimi sina haraka, marehemu hana haraka. Siku utakapomfikia, na mashine zako na vipimo vyako vya damu, majibu yawe yametoka au hayajatoka, kabla hujampima kitu chochote, mwambie hajafanya kitu.

Baba yako,
Mutua